Sikutoa Neno la Siri la Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya parokia yetu Kadutu, niliketi mbele ya foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Mama mmoja wa Cimpunda alikuwa akimtafuta mume wake Minova. Kwenye foni kila mwenye chombo kama chako anasikia, kwa hiyo mama yule alilia mbele ya nusu ya Kivu. Padri mtunza mali, mkubwa wangu wa kwanza, alitikisa kichwa.

«Maman Régine, mutu anaongea na bwana yake, dunia yote inasikia. Iko haya.»

Miaka ya baadaye, vita ya Kivu ikiwa bado inaendelea, internet ikafika mji wetu wa Bukavu. Parokia ilifungua cyber, nikawa msimamizi. Nilifurahi sana: sasa kila mtu alikuwa na mot de passe, neno lake la siri, na barua yake haichunguliwi. Nilizigeuza meza, wateja wakae migongo ukutani.

Ndipo akaja chef, mkuu wa usalama wa watawala wa wakati ule. Alikuwa akimtafuta mwalimu mmoja, mteja wetu, aliyewaandikia watu wa ng'ambo kuhusu mauaji ya vijijini.

«Maman, utaweka ka-programme mu mashini. Kanakamata mot de passe ya kila mutu. Utatuletea.»

«Sheria gani inasema vile, chef?»

«Iko vita. Sheria ni mimi.»

«Basi uandike hivyo, uweke jina yako na cachet, muhuri ya ofisi yako. Nitabandika ku mulango, watu wajue nani anawasomea.»

Alinipiga kofi, nikatupwa kashoni, mahabusu yao. Niliogopa, sikatai. Padri mpya aliyeshika ofisi alikuja kunisihi.

«Régine, uwape kidogo tu, wakufungue.»

«Kidogo ya nani, mon père? Ya mwalimu, ao ya maman yako?»

Aliondoka. Akina mama wa Cimpunda walikaa chini mbele ya kasho, wakaimba rozari mpaka chef akachoka nao. Nilipotoka, mashini zilikuwa zimechukuliwa na cyber imefungwa. Lakini mwalimu alikuwa ameshatoroka mji na kupita Miti, mzima.

Leo niko pensheni. Wakubwa wengine wanataka kusikiliza simu za watu, na wajukuu wangu wananiuliza: «Koko, mutu asiye na kosa anaogopa nini?»

Jumapili moja niliwaambia waweke simu zao mezani, zikiwa wazi, nisome ujumbe wao kwa sauti mbele ya wazazi wao.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuiweka yake.