Parcelle Yangu, Jina ya Muzee

Mimi niko mutu wa kelele, bajirani bote ba Vulamba banajua. Lakini ile asubuhi nilikuta kijana anapima na kamba parcelle yangu, udongo wenye nilijenga nyumba, nikamuuliza kwa sauti ya chini anatafuta nini.

Alikuwa mutoto wa muzee wa Beni, ule transporteur mwislamu wa kubeba mizigo na gari, mwenye aliniuzishia. Akaniambia kwa heshima: «Mama, nimetoka bureau ya conservateur, mwenye kuandika udongo za batu. Kule, huu udongo uko kwa jina ya papa yangu.»

«Weye! Na hii ni nini?» Nikamuletea certificat, karatasi ya udongo. Papa yake mwenyewe alinipa mu mikono, mbele ya bajirani, siku tulichinja mbuzi. Kwetu mutu akikuachia certificat yake, tunasema mambo imeisha. Tunaificha chini ya maputa, bitenge yetu, mu sanduku, tunajenga, tunazaa. Nani anawaza kuipeleka bureau babadilishe jina? Ujinga gani ule!

Tukaenda wote wawili ku bureau. Conservateur aliigeuza-geuza ile certificat, akasema: «Mama, uko unachunga karatasi ya mutu mwingine. Muzee akuje aseme mbele yangu kama alikuuzishia. Hapo njo nitaandika jina yako.»

Bashahidi ba siku ya mbuzi? Mumoja alikufa, bengine balikimbia vita, hata fasi bako sijue. Kijana akaapa: papa akikubali, yeye anaacha, akikataa, anauzisha ule udongo, na nyumba yangu iko juu yake.

Tukamungojea muzee atoke Beni. Barabara ya Beni unaijua: mutu anatoka muzima, banamurudisha amefungwa mu shuka. Mimi mukatolike, nilimuombea yule mwislamu kuliko vile niliombea marehemu bwana yangu. Bikira Maria, umufikishe, asikufe mbele ya kutia signature!

Akafika na pickup, vumbi mpaka ku nyusi. Amekonda, lakini anatembea. Nilitaka kumukumbatia.

Mu bureau, conservateur akamuuliza kwa sauti: «Muzee, huyu mama ulimuuzishia udongo?»

Muzee akaniangalia. Akaniangalia tena. Akamugeukia mutoto wake, akauliza polepole: «Huyu mama ni nani?»

 Conservateur akasema tujaribu kesho. Nikamuangalia kijana, akainamisha macho, njo nikajua alikuwa anaijua hii ugonjwa ya kusahau tangu zamani.

Inje, nikaikala ku banc karibu na muzee. Nikamushika mukono, nikaanza kumuambia jina yangu.