Amina ya Mkuu wa Shule

Ile kazi niliiua kwa mdomo wangu. Shule moja ya urubani Tanzania ilinihoji kwa video, niende kufundisha, nami nikaketi kanisani kwetu Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, na shati jeupe nililonunua Mbarara. Akina mama wa maombi, niliokuwa nimewaeleza hofu yangu yote, niliwaomba wasali nje kimyakimya. Sisi Wakongo na kimya, wapi na wapi!

Mkuu wa shule akaniuliza kwa upole kama bado narusha ndege.

“Kila wiki,” nikajibu bila haya.

Papo hapo sauti ya Mama Furaha, mmoja wao, ikapenya dirishani: “Ee Baba, mutoto wetu hajashika ndege tangu tukimbie vita! Umukumbushe fasi ya kukanyaga ndege iruke!”

Mkuu akavua miwani, akainamisha kichwa.

“Amina,” akasema.