Ushuhuda wa Pumzi ya Doto

Kwaya ikianza kupasha sauti kwa ule mvumo wa meno, "sssss", mimi hutoka nje ya kanisa. Waumini wenzangu hudhani nimepigiwa simu. Waacheni wadhani hivyo, jamani. Sauti hiyo ilikuwa ya nyumbani kwetu Igogo, asubuhi na jioni, na niliipenda.

Tulikuwa pacha, kama majina yetu yanavyosema: mimi Kulwa, mwenzangu Doto. Mimi nilizaliwa mzima, yeye akazaliwa na kifua. Upepo wa ziwa ukileta moshi wa samaki wanaokaushwa mwaloni, pale ufukweni, kifua chake kililia kama kuna paka ndani, mabega yakapanda, na Mama akakimbilia pampu yake ya kuvuta dawa.

Tulipokuwa darasa la tatu, nesi mmoja wa kliniki alimfundisha Doto kupumua: vuta kwa pua, tumbo lijae, toa kwa mdomo uliobanwa, polepole, kama unapooza uji. Alikuwa mama mnene wa Kikerewe, mcheshi kweli, lakini hapo hakutania. "Mama Kulwa, nisikilize vizuri. Hii ni nyongeza tu. Dawa ya kila siku haiachwi, na akibanwa, pampu kwanza." Mama akaitikia. Baba alikuwa ameegemea mlango, na nadhani yeye alisikia lile la kupumua tu.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi walimpunguza, na kwayani ndiko pekee alikobaki na heshima, anaitwa mwalimu. Sasa mwanawe afundishwe pumzi na nesi? Weee! Alilichukua somo lile likawa lake. Asubuhi na jioni alitukalisha juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mikono mbavuni, tutoe pumzi kwa "sssss" ya kwaya, kisha akatuwashia mshumaa: uupulize, mwali uiname, usizimike. Mimi niliuzima kila mara, akasema nina pumzi ya ng'ombe wa kulima. Doto hakuuzima. Na nisiwe mwongo, mazoezi yalimsaidia. Hofu ilimpungua, akawa analala vizuri, akaanza na kuimba, hadi akawa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya ya watoto.

Ndipo Jumapili moja Baba akasimama kutoa ushuhuda. Akasema mwanawe amepona pumu kwa pumzi aliyopewa na Bwana, na pampu imeshatupwa. Kanisa zima vigelegele! Pampu haikuwa imetupwa, ilikuwa kabatini. Lakini kwetu ushuhuda ukishatoka haurudishwi, na tangu siku hiyo kila Doto alipotaka kuvuta dawa ilikuwa ni kumfanya Baba mwongo. Hata ile ya kila siku ikasimamishwa. "Mnataka watu waseme nini?" Baba aliuliza. Mama, mpole mpaka anaudhi, alijibu mara moja tu, huku anapepeta mchele: "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Kisha akaifunga pampu kwenye pindo la khanga, akawa anatembea nayo.

Siku ya mashindano ya kwaya ilikuwa katikati ya kiangazi, uwanja vumbi tupu. Doto alianzisha wimbo, akafika ubeti wa pili, sauti ikakatika. Baba akapiga magoti mbele yake, watu wote wanaona. "Pua. Mdomo. Polepole, mwanangu." Doto akafanya. Alimkazia Baba macho akafanya, midomo imebanwa vizuri kabisa, huku inabadilika rangi. Mama alikuja mbio anafungua pindo kwa meno. Baba akamshika mkono.

"Subiri, anaweza."

Mama alipojinasua, dawa haikuwa na pa kupita tena. Doto alifia njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani pangu.

Mazishini walisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nina hasira mpaka leo. Bwana hakumshika Mama mkono!

Baba yeye alisema Doto aliingiwa na hofu, akasahau mazoezi. Nilimwamini, maana mwalimu ni yeye. Nikakua na kinyongo na pacha wangu: kitu cha kila siku, unakisahauje?

Mwaka jana mwanangu naye akaanza kubanwa kifua. Hospitalini wakamfundisha kupumua kulekule, na daktari akanieleza kwamba mtu akibanwa sana, mirija ya hewa huwa imejifunga. Hata apumue kwa ufundi gani, hewa haipiti mpaka dawa iifungue. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia mpaka mtoto akaona aibu.

Kesho yake nikapanda gari hadi Kisesa, anakoishi Baba siku hizi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikakaa.

"Baba," nikamwambia, "Doto hakusahau. Alifanya kila kitu kama ulivyomfundisha, mpaka mwisho."

Aligeuka akatazama zizi lake la ng'ombe. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Nikamjibu sijui.