Lori la Ijumaa na Moshi wa Alhamisi

Kompyuta yangu inakaa chumba cha ndani, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani, chini ya vidaka ambamo marehemu bibi alipanga sahani zake za maua. Ni sanduku jeusi la bati lenye kioo ubavuni. Nyuma ya kioo hicho mdogo wangu alifunga taa za rangi enzi za ujana wake, alipodhani taa za rangi huongeza kasi. Siku hizi inawaka moja tu, nyekundu, nayo huwaka ikijisikia. Nasema haya mapema nisije nikaonekana natetea mali. Ni takataka ile, ila ni takataka yenye kazi.

Kazi yake ni kuendesha lori. Mdogo wangu ni dereva wa lori la kweli huko Ghuba, wiki nzima joto na vumbi, na Ijumaa, siku yake pekee ya kupumzika, husali, hula, kisha hufungua mchezo wa kompyuta na kuendesha lori. Nimemwambia mara nyingi kwamba dobi hafui nguo siku ya sikukuu kwa kujifurahisha. Hucheka tu. Anasema lori la mchezo hupita kwenye theluji na misitu, na halina msimamizi.

Nami humfuata nyuma na lori langu. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Amu, kisiwani Lamu, mji ambao saruji hubebwa na punda, na maishani sijashika usukani wa kitu chochote. Lakini kwenye skrini nimepeleka jibini na mbao katika nchi ambazo sitazikanyaga, nikiangalia taa za nyuma za mdogo wangu huku tukizungumza kwa maiki.

Atakayeuliza kwa nini hatupigiani simu kama watu wazima, hamjui mdogo wangu. Kwenye simu yeye ni mzima, alhamdulillah, kazi nzuri, nawe je, haya, nitapiga. Hajawahi kuumwa kwenye simu. Kwenye simu kila mwaka anakuja nyumbani baada ya Ramadhani. Ila mpe usukani wa uongo, macho yakiwa barabarani, na mdomo unafunguka wenyewe. Kwenye lori ndiko nilikosikia kwamba mgongo unamsumbua, kwamba wamehamishiwa chumba kisicho na dirisha, kwamba pasipoti yake anakaa nayo tajiri.

Mama hujua haya yote. Ijumaa baada ya chakula hupanda kitandani nyuma yangu, akakunja miguu, akashika tasbihi yake na kusikiliza spika. Hasemi neno. Hatukupatana kwa maneno, lakini sote wawili tunajua kwamba akikohoa tu, yule kijana atakaa wima na kuwa mzima, alhamdulillah. Kwa hiyo mama humsikia mwanawe kwa kunyamaza.

Basi wale wenye mchezo, huko waliko, wakaona theluji yao si nyeupe ya kutosha. Wakatoa toleo jipya. Sijui nani aliwaomba. Mdogo wangu akaliweka kwenye kompyuta yake, nami ikanibidi niliweke kwenye sanduku langu, na tangu hapo lori langu likawa linakwenda kama mgonjwa anayesindikizwa msalani. Picha zinakatika, sauti inakatika, na feni, ambazo tangu zamani zilikuwa na kelele, sasa zinanguruma kama boti inayotafuta nguvu. Mdogo wangu alikuwa akilalamika kwamba upande wangu hasikii ila mashine. Na Ijumaa ile ya mwisho, tukiwa tunapanda mlima, akasema: "Dada, hii habari ya kuja mwaka huu..." Skrini ikaganda, sauti ikafa.

Nilipiga simu pale pale. Akasema yuko mzima, na kuja atakuja, inshallah, tuandae mahali pa kulala. Nilijua kwamba huo ni uongo wa simu, au nusu yake. Mama akanitazama. Siku ya pili nilimkuta anakitoa kitanda cha mwanawe uani kukipiga jua.

Ndipo nilipojua kwamba mji mzima una wataalamu wa kompyuta. Wanaume wa barazani, ambao kati yao hakuna hata mmoja mwenye kompyuta, walilijadili sanduku langu kwa uzito wa watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Mmoja alisema ni stima ya Amu, dhaifu. Mwingine alisema ni chumvi ya bahari, na huyo alikuwa na akili kidogo, ila aliharibu alipoongeza kwamba chumvi hutoka kwa kuliacha sanduku Mokowe wiki moja likavute hewa ya bara. Wa tatu, mzee wa heshima zake, alisema mwanamke mtu mzima kucheza mchezo wa malori si jambo zuri. Huyo nilimwambia namheshimu, nikapita.

Binamu yangu wa Mombasa ndiye aliyekuwa mbaya zaidi, maana yeye anajua kidogo. Mtu asiyejua kitu unaweza kumpita. Huyu huniandikia ujumbe mrefu wenye majina ya vipuri kama majina ya dawa, na kila ujumbe huishia kwa kusema kwamba kwa kweli ningetupa kila kitu ninunue mashine mpya. Nilimwambia nina pesa ya zamu yangu kwenye chama cha kuchangiana tu, nayo ina mambo mengine ya kufanya. Akahema kwenye simu, mimi nikimsikia, kama daktari anayehudumia maskini. Kisha akasema basi tuanze na memori.

Memori ikaletwa na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti ndani ya mfuko wa mwanamke aliyebeba pia vitunguu, ikanifikia ikinuka vitunguu. Nikaipeleka pamoja na sanduku kwa fundi wa pale karibu na soko, ambaye hutengeneza friji, redio na simu, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna kinachomshinda. Alifungua sanduku, akachungulia kidogo kama mtu anayechungulia chooni, akaniuliza kama jiko letu liko chumba kimoja na kompyuta. Nikamwambia hapana. Akasema basi wanawake hupenda kukaangia kila mahali. Akachomeka memori, akafunga, akaniambia mashine sasa imekuwa mpya.

Haikuwa mpya. Mchezo ulifunguka haraka zaidi, hilo nakiri, lakini lori likienda kidogo tu feni zinaanza kulia na picha zinaanza kujiburura. Ijumaa hiyo mdogo wangu alisema basi, tungoje nitengeneze, yeye ataendesha na wenzake wa chumbani. Mama alibaki kitandani na tasbihi yake, akiitazama skrini ambayo nilikuwa nimeshaizima.

Binamu akasema sasa ni kadi ya picha. Akanitafutia moja ya mtumba, akaapa ni nzuri, haina historia. Hiyo nayo ikavuka maji. Safari hii sikwenda kwa fundi. Nilikuwa nimeshachoka kutukanwa na watu ninaowalipa. Nikatandika mkeka, nikalaza sanduku, nikachukua bisibisi ya cherehani na kufungua mwenyewe.

Kitu cha kwanza kilichotoka ni harufu. Haikuwa ya kuungua wala ya kutu. Ilikuwa udi. Udi wetu, ule mama anaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi na vipande vya mti, anaoufukiza nyumba nzima kila Alhamisi baada ya magharibi. Feni zote zilikuwa zimepakwa gundi ya kahawia, laini, tamu, iliyoshikana na vumbi na chumvi kama halua iliyoangukia mchangani. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamezibika yote. Mashine haikuwa imezeeka. Ilikuwa imefukizwa miaka na miaka mpaka ikashindwa kupumua.

Na mimi niliyaona yakitendeka. Kila Alhamisi mama huingia na chetezo, akafukiza mapazia, akafukiza kanga kabatini, kisha akainama na kukiweka chini ya meza, nyuma kabisa ya sanduku, kwa sababu kesho mwanawe anakuja kwa spika, na kwa sababu watu wa mji huu wana macho ya husuda. Kama kompyuta inawaka, feni huufyonza moshi wote kwa pupa. Mama hufurahi. "Tizama yauvutavyo," huniambia. "Yapenda." Nami nilikuwa nikicheka naye.

Nilikaa kwenye mkeka ule nikiwa na hasira kwa kila mtu. Binamu, ambaye hakuniuliza hata mara moja kama nimeisafisha, maana kusafisha hakuna jina la kitaalamu. Fundi, aliyeiona gundi kwa macho yake akaona ni kazi ya wanawake wasiojua kukaanga. Na kadi ya mtumba isiyo na historia, kwa sababu nilipojaribu kuichomeka nikakuta inataka waya wa umeme ambao sanduku langu halina. Nilipomwambia binamu, akaandika kwamba hilo lilikuwa jambo la wazi. Kadi hiyo niliiweka kwenye kidaka, kati ya sahani za bibi, na wageni huisifia.

Nikanunua spiriti na pamba duka la dawa. Muuzaji aliniuliza jeraha liko wapi. Nikasugua kwa mswaki, feni moja moja, ubao kwa ubao, kazi ya mchana mzima, na pamba ikawa inatoka nyeusi ikinukia harusi. Mama alikuja akasimama mlangoni. Alitazama pamba, akatazama chetezo chake pale pembeni, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa na maneno mengi tayari, makali, niliyoyaandaa kwa ajili ya watu wengine wote. Kwake nilisema tu kwamba moshi uishie mlangoni. Akasema sawa. Baadaye nikamsikia uani akimwambia jirani kwamba mashine za siku hizi hazina adabu, hata udi haziutaki.

Ijumaa ikafika. Nikawasha. Nilidhani haijawaka, kwa jinsi ilivyokuwa kimya, mpaka nilipoona ile taa nyekundu. Mdogo wangu akaingia, tukapakia mbao, tukatoka. Lori langu likawa linateleza kama halina uzito. Mama alikuwa mahali pake nyuma yangu, amekunja miguu. Mdogo wangu alisema habari ya chakula, ya mgongo, ya mwenzao mmoja aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Tukafika kwenye mlima ule ule. Nikangoja amalizie yale maneno yaliyokatika.

Kisha akasema, taratibu, "Dada. Ni nani huyo ahisabuye tasbihi?"

Nilisahau kwamba mashine iliyokuwa ikimficha mama imeshanyamaza. Miaka yote hiyo ngurumo ya feni ndiyo iliyokuwa pazia letu, na mimi ndiye niliyelifua kwa spiriti mpaka likachanika. Nyuma yangu shanga zikasimama. Nilifungua mdomo niseme ni redio, ni jirani, ni kitu chochote. Nilimwona tayari akikaa wima huko aliko, akivaa ule uzima wake wa alhamdulillah, na Ijumaa yetu ikiisha.

Taa za lori lake zilikuwa zikiendelea mbele yangu kwenye theluji, kwa mwendo ule ule.

"Mama," mdogo wangu akasema. "Mwaka huu siyi nyumbani. Na mwakani siyui."

Mama aliteremka kitandani. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono wake begani kwangu, na akainamia maiki ambayo hajawahi kuikaribia.

"Nayua," akasema. "Nimesikia habari zote tangu mwanzo. We endesha, mwanangu. Tizama ndia."