Timazi na Ukuta wa Dada Yake

Mtaani kwetu mwashi yule tulimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye chuma anayoining'iniza kuhakikisha ukuta umesimama wima. Ukimkaribisha chai, atakwambia kwanza kwamba mlango wako umelala kushoto.

Dada yake mdogo aliolewa na fundi wa friji, mtu mwenye mikono ya ajabu na mdomo usiotulia. Fundi huyo alikuwa anaunda ndege sebuleni. Mabomba yaliingia mlangoni moja moja, injini ilitoka kwenye gari lililopinduka, mbawa zikashonewa turubai uani. Makochi yalihamia chumbani na watoto wakawa wanakula chini ya mkia. Lakini kiwiliwili kilipokamilika hakikupita mlangoni. Ilibidi ukuta uvunjwe.

"Kaka," dada alimwambia Timazi, "ukuta huu usiuguse. Usipouvunja wewe, kile kitu hakitaruka."

Timazi akaahidi. Kila shemeji yake alipomwomba, alikuwa na sababu: leo mgongo, kesho kazi ya watu.

"Shemeji, unaogopa matofali?"

"Naogopa kubaki bila mtu wa kumtania."

"Basi nitakupandisha juu, ukaone mapaa yote uliyoyapinda."

"Langu halijapinda. Lililopinda ni hilo bawa lako."

Nasema wazi: fundi yule hakuwa kichaa. Mtu aliyejifunza kuruka kwa vitabu chakavu, na kwa kukaa mara chache kando ya rubani wa ndege ya kupulizia dawa mashambani, alistahili mwalimu na karakana. Sisi tulimpa vicheko.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwisha, akachukua nyundo akaanza kuvunja mwenyewe. Watoto walikimbia kumwita mjomba wao. Timazi alimkuta shemeji yake akipiga chini kidogo ya boriti inayobeba paa, matofali yakitoka ovyo, ufa umeshapanda hadi juu.

"Acha. Utawaangushia watoto nyumba."

"Basi vunja wewe unayejua."

Angeweza kumnyang'anya nyundo akaondoka nayo. Lakini mtu yule hajawahi kuiacha kazi mbovu ikiwa mbele ya macho yake. Akaitegemeza boriti kwa miti, akachora mstari, akatoa tofali baada ya tofali mpaka shimo likawa na kingo zilizonyooka. Dada aliporudi kutoka sokoni, alikuta ndege inasukumwa barabarani na kaka yake anafagia vumbi.

Jumapili fundi aliruka kutoka kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mashamba. Tulishangilia. Kabla hajaivuka miti, injini ikanyamaza. Mbele yake kulikuwa na shamba tupu ambamo angeweza kutua. Yeye akageuza ili arudi barabarani, ndege ikalala upande mmoja, ikaanguka. Tulipofika alikuwa ameshakata roho.

Wakaguzi walikuja, wakauliza nani alitoa ruhusa, wakabeba injini. Hakuna aliyemuuliza mjane atalala vipi katika nyumba isiyo na ukuta.

Shimo lilibaki, limezibwa na turubai lililosalia kwenye mbawa. Waashi waliojitolea kuliziba, mjane aliwafukuza. Na kaka yake, dada hakumsemesha hata msibani. Timazi alikonda. Akitoka kazini alipitia upande wa pili wa barabara, akilitazama turubai likipigwa na upepo, kisha anaenda zake.

Mvua ya kwanza ikalowesha magodoro ya watoto. Kesho yake Timazi alipakia matofali kwenye mkokoteni, nikamsaidia kusukuma. Dada alifunua turubai akasimama kwenye uwazi.

"Kwa nini ulivunja?"

Njiani Timazi alikuwa ameniambia maneno mengi atakayosema. Yote yalimkimbia.

"Nilimwona anavunja vibaya."

"Ungemwacha. Tofali lingemvunja mguu, leo angekuwa humu ndani anachechemea na kuninung'unikia."

Timazi alilipangusa vumbi tofali moja, akalirudisha mkokotenini.

"Jenga," dada akasema. "Lakini usiingie. Jenga ukiwa nje."

Akajenga akiwa nje. Dada alikaa kwenye kochi akimtazama. Kila safu ilimficha kidogo: miguu, kisha magoti, kisha mikono aliyoikunja kifuani. Lilipobaki pengo dogo chini ya boriti, alisimama, uso wake ukatokea pale.

"Na plasta ya huku ndani?"

"Inapigwa ukuta ukishakauka."

"Ukikauka, pitia mlangoni."

Timazi akaweka tofali la mwisho.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Kila jioni nilimwona amesimama pale nje, kiganja chake kimeegemea ukutani. Ulikuwa bado mbichi.