Kisanduku Kitupu

Haya hamtayaamini, lakini anayeandika ni mjomba mtu, si mpita njia. Mpwa wangu, tunayemwita Profesa, aliunda programu ya kusimamia maji ya mji mzima kabla hajaota ndevu. Mimi nilikuwa msoma mita, tena bingwa wao.

Msoma mita akishindwa kuingia kwenye nyumba, aliacha kisanduku cha fomu kitupu. Ofisini walielewa: atarudi kesho. Programu ikaelewa kwamba nyumba haina watu, ikafunga maji. Nami nilikuwa nimeacha kitupu kisanduku cha mama mmoja, fundi cherehani. Akanywa maji ya mtaroni wiki nzima, akaugua. Alipona, ila miguu haikupata tena nguvu za kukanyaga cherehani.

Profesa akauza kampuni, akaanzisha kiwanda cha nano, teknolojia ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Anatengeneza machujio yenye vitundu ambavyo unywele mmoja unaweza kufunika maelfu yake, na huyagawa bure mashuleni na kwenye zahanati. Watu wakimsifu huinamisha kichwa. Kila mwezi huenda mwenyewe kumbadilishia yule mama chujio.

"Programu niliandika mimi, mjomba," huniambia. "Kosa ni langu."

Nami, domokaya wa ukoo, hugeuza mazungumzo.

Jana nikamsomea karatasi hii, nikafika hapa: siku ile sikuingia kwa sababu getini palikuwa na mbwa mkubwa kama ndama, akanikimbiza hadi...

"Mjomba," akanikatiza, "miaka tisa naingia nyumba ile. Yule mama hajawahi kufuga hata kuku."