Ijumaa ya Kupunguza Volteji

Kadi ya grafiksi niliyonunua mtumba ilinitesa. Nahariri video za kwaya na harusi hapa Kiogoro, na kila nilipoipa kazi, feni zake zilinguruma kama mashine ya kusagia unga. Ikishapata moto ilijipunguzia mwendo yenyewe, kazi ya saa moja ikawa ya saa mbili. Niliitukana kila siku. Mke wangu akaniuliza kama siku hizi nimeoa mke wa pili.

Dawa niliisoma mtandaoni: ipunguzie volteji. Kiwandani huwekewa umeme mwingi kuliko inaohitaji, ili hata ile dhaifu isikwame. Ukiishushia kidogo kidogo bila kugusa kasi yake, inapoa, inanyamaza, na kwa kuwa haichemki tena, inachapa kazi vizuri zaidi. Ila hubahatishi. Unashusha hatua moja, unaipa kazi ngumu ya nusu saa, unakodolea macho skrini. Ikistahimili, unashusha tena. Ikizima, umevuka mpaka, rudi hatua moja juu.

Ijumaa hiyo nikasema leo ni leo. Kwaya moja ya Wasabato kutoka Marani ilitaka video yake kabla jua halijatua, maana Sabato ikishaingia hakuna wa kuipokea.

Saa nane mchana, nikiwa hatua ya tatu, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada yangu, aliyebaki nyumbani Magwagwa na wazazi wetu. "Baba anaumwa sana. Njoo leo."

Nikasonya. Mzee wetu huumwa kila zikipita siku nne bila mgeni. Goti, mgongo, hata jino lililokwisha kung'olewa! Mara tatu mwaka huo nilikimbia nyumbani nikamkuta anakula ndizi, anauliza nimemletea nini. Nikajibu: "Mwambie nakuja Jumapili, nina kazi."

Kadi ikapita ule mtihani. Joto lilikuwa limeshuka kutoka themanini na nne hadi sitini na nane, na feni zilikuwa hazisikiki. Nilijipigia makofi. Dada akaandika tena: "Sawa. Anauliza kama umekula."

Nilicheka kwa sauti. Huyo mzee, tangu lini? Nikamwambia mke wangu kwamba uzee umemlainisha. Nikaandika kwamba nimekula, nikashusha hatua nyingine.

Video niliituma jua likiwa bado juu. Nilikuwa nazima kompyuta dada alipopiga simu. Alilia kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, na ndani ya kilio kile nikasikia neno lile lile, baba, baba.

Kwa Ekegusii, baba ni mama. Yule mwingine tunamwita tata. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua, nami nililijua kabla ya kujua jina langu. Lakini mke wangu ni mtu wa Mombasa, nyumba yetu ni Kiswahili tangu asubuhi, na wanangu wananiita baba. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, nikausoma Kiswahili. Dada yangu hajawahi kumwita mama yetu kwa neno lingine. Angefafanua nini?

Na mama, jamani, hakuwa mtu wa kuumwa. Alichuma chai na homa yake, akarudi akapika, akasema yuko sawa. Mwaka baada ya mwaka alijipunguzia chakula, alijipunguzia usingizi, nasi tukaona anaweza. Hakuna aliyemkodolea macho kama nilivyoikodolea ile kadi. Najichukia kwa hilo, na sijui nitaacha lini.

Ningeondoka saa nane ningemkuta hai. Dada alisema alikuwa na fahamu zake hadi saa kumi na moja, na kila mlango ulipolia aliuliza kama ni mimi. Nilipofika, mzee alikuwa amesimama langoni peke yake. Hakuuliza nimemletea nini.

"Alikungoja," akasema, akanishika mkono, tukaingia.

Kadi bado inafanya kazi, kimya kabisa, na wateja wanasifu. Ujumbe wa dada sijaufuta. Anauliza kama umekula. Jibu langu liko chini yake, neno moja: nimekula. Hilo ndilo mama alilosomewa, na dada anasema alitabasamu.

Sikuwa nimekula.